Taraza au Upindo? Historia ya Ukanda Unaozunguka Vifaa vya Jikoni Vilivyopachikwa

Utangulizi

Ukiingia katika jiko la nyumba mpya ya tabaka la kati, iwe Kampala, London au Chicago, huenda ukakuta oveni au maikrowevu imepachikwa ndani ya kabati au ukutani. Haikai juu ya meza wala haisimami sakafuni kwa miguu yake. Ukitazama kwa makini, mara nyingi utaona ukanda mwembamba wa mbao, wa chuma au wa plastiki unaoizunguka pande zote. Wakati mwingine ukanda huo umechongwa, umepakwa rangi ya shaba au umeng'arishwa. Wengi wetu tukiulizwa kazi yake tutasema ni urembo, kisha tutaendelea na mambo mengine.

Katika insha hii ninauchukulia ukanda huo kama ushahidi wa kihistoria. Swali langu ninalikopa kwa washonaji. Kiswahili kina maneno mawili ya ukingo wa nguo. Taraza ni nakshi ya nyuzi, aghalabu za hariri, inayotiwa kwenye ukingo wa kilemba au kikoi ili kupendeza. Upindo ni ule ukingo uliokunjwa na kushonwa ili nyuzi zisichomoke. Nguo isiyo na taraza itavaliwa bila shida, lakini isiyo na upindo itafumuka. Je, ukanda unaozunguka oveni ni taraza au ni upindo?

Hoja yangu ni kwamba ulianza kama upindo, na hata ulipogeuzwa kuwa taraza haukuacha kazi yake ya kwanza. Ukanda huu hutokea pale ambapo vipimo vya watu wawili vinakutana bila kupatana: vya aliyejenga ukuta au kabati, na vya aliyetengeneza kifaa kiwandani. Kwa hiyo historia yake ni historia ya swali hili: nani alilazimika kujirekebisha ili mambo yaenee? Nitaanza na majiko ya chuma ya Ulaya na Marekani, nipitie Frankfurt ya mwaka 1926 na Marekani ya baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha nifike kwenye karakana za Kampala.

Chuma kinapokutana na tofali

Kabla ya kuwapo kifaa cha kupachikwa, palikuwa na moto. Kwa karne nyingi mahali pa moto na ukuta vilikuwa kazi ya mkono mmoja, yaani mwashi. Aliyejenga ukuta ndiye aliyejenga meko, na vipimo vyote vilikuwa vyake.

Mwishoni mwa karne ya 18 mambo yalianza kubadilika. Benjamin Thompson, mzaliwa wa Marekani aliyejulikana zaidi kama Count Rumford, alifanya kazi mjini Munich na kuandika insha kuhusu moto, moshi na matumizi ya kuni. Alipendekeza majiko ya matofali ambamo kila sufuria ilizamishwa katika tundu lake, juu ya moto wake mdogo. Lengo lilikuwa kuzuia joto lisipotee. Hapa tunaona mapema kanuni muhimu: chombo kikizamishwa ndani ya jengo, nafasi iliyobaki kati ya chombo na jengo si jambo la macho tu. Ni mlango wa kupotezea joto.

Katika karne ya 19 viwanda vya kusubu chuma vilianza kutoa majiko kwa wingi. Nchini Uingereza majiko hayo mara nyingi yaliingizwa katika nafasi ya meko ya zamani. Jiko lilitoka kiwandani likiwa na ukubwa uliokwisha kuamuliwa, na nafasi ukutani ilikuwa na ukubwa alioupenda mwashi aliyekwisha kufa zamani. Viwili hivyo havikuenea. Pengo lililobaki lilivuruga mvuto wa hewa na kuruhusu moshi kurudi chumbani, hivyo likajazwa matofali na chokaa, kisha likafunikwa kwa vibao vya chuma au vigae. Kwa kuwa kibao hicho kilikuwa mbele ya macho ya kila aliyeingia, kiwanda kilikisubu kikiwa na maua na majani. Upindo ukavikwa taraza.

Nchini Marekani, Catharine Beecher na dada yake, mwandishi Harriet Beecher Stowe, walichapisha mwaka 1869 kitabu cha utunzaji wa nyumba kiitwacho The American Woman's Home. Walichora jiko dogo lenye rafu, mapipa ya unga na meza za kazi zilizopangwa pamoja, wakitoa mfano wa jiko la melini ambamo mpishi hufikia kila kitu kwa hatua chache. Lakini jiko la moto lenyewe hawakuliingiza katika mpango huo. Walilitenga katika chumba chake nyuma ya milango ya vioo ya kusukuma, ili joto na harufu visisambae. Kupanga meza na rafu kuliwezekana. Kuunganisha moto na mbao kulikuwa bado ni hatari.

Inafaa tukumbuke hapa kwamba katika Kiswahili neno "jiko" hutaja kifaa cha kupikia na chumba cha kupikia pia. Kifaa kilikipa chumba jina lake. Historia ninayoisimulia inakwenda kinyume: hatua kwa hatua, chumba kinakimeza kifaa.

Frankfurt 1926: jiko lisilo na pengo

Mwaka 1926 mbunifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky (1897–2000), alibuni jiko la nyumba za gharama nafuu zilizojengwa na mji wa Frankfurt chini ya usimamizi wa Ernst May. Jiko hilo, linalojulikana kama Jiko la Frankfurt, lilikuwa na ukubwa wa takriban mita 1.9 kwa 3.4. Takriban majiko 10,000 ya aina hiyo yalijengwa. Schütte-Lihotzky alikuwa amesoma maandishi ya Mmarekani Christine Frederick, ambaye tangu mwaka 1912 alieleza jinsi ya kupima hatua na muda wa kazi za nyumbani kama zinavyopimwa kiwandani. Alichunguza pia majiko finyu ya mabehewa ya chakula ya treni.

Katika jiko hili hakuna ukanda wa urembo. Makabati, meza ya kazi, ubao wa kupigia pasi unaokunjwa ukutani na visanduku vya alumini vya kuwekea nafaka na sukari, vyote vilipimwa pamoja na chumba tangu kwenye karatasi. Mapema katika miaka ya 1920 Schütte-Lihotzky alikuwa amefanya kazi Vienna pamoja na Adolf Loos, mbunifu ambaye mwaka 1910 alitoa mhadhara maarufu wa kupinga mapambo, akiyaona kuwa upotevu wa kazi ya mafundi. Ni rahisi basi kusema kwamba ukanda ulikosekana kwa sababu ya itikadi hiyo.

Mimi naona itikadi ilikuwa nusu ya sababu. Nusu ya pili ni kwamba hapakuwa na pengo la kuziba. Mji ulikuwa mwenye nyumba, mwagizaji wa makabati na mwamuzi wa vipimo kwa wakati mmoja. Gharama ya jiko iliingizwa katika kodi ya nyumba. Kipimo kikiwa kimoja, upindo hauna kazi.

Hata hivyo, tusidhani kwamba tatizo la kutopatana lilitoweka. Lilihamishwa kutoka kwa vitu hadi kwa watu. Kabati la jikoni alilorithi mpangaji kwa mama yake halikuwa na mahali. Chumba kilimfaa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa mwanamke. Kuanzia miaka ya 1970 wanaharakati wa haki za wanawake waliukosoa mpango huu kwa sababu ulimtenga mpishi na familia yake. Kiswahili cha mitaani, ambacho husema mwanamume aliyeoa "amepata jiko", kinalieleza jambo hili kwa ufupi kuliko vitabu: mke na kifaa vimepewa jina moja na mahali pamoja.

Marekani: ukanda unaouzwa peke yake

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia nyumba nyingi mpya zilijengwa Marekani, na oveni ya kupachikwa ukutani ikawa ishara ya maendeleo. Tarehe 24 Julai 1959, Makamu wa Rais Richard Nixon na kiongozi wa Muungano wa Kisovieti Nikita Khrushchev walibishana mbele ya jiko la maonyesho mjini Moscow. Miongoni mwa mambo aliyojivunia Nixon ni kwamba mashine kama ile aliyomwonyesha ilitengenezwa kwa maelfu ili kupachikwa moja kwa moja ndani ya nyumba.

Lakini Marekani haikuwa Frankfurt. Hapakuwa na mji uliomiliki vipimo vyote. Kampuni moja ilitengeneza makabati, nyingine oveni, na mjenzi alinunua kwa aliyemfaa. Pengo likarudi. Historia ya maikrowevu inalionyesha vizuri. Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon aliomba hataza ya kupika kwa mawimbi hayo mwaka 1945. Mashine ya kwanza kuuzwa, Radarange ya mwaka 1947, ilikuwa na kimo cha takriban mita 1.8 na uzito wa kilo 340 hivi. Haikuwa kitu cha jikoni mwa nyumbani. Mwaka 1955 kampuni ya Tappan ilitoa ya nyumbani ya kupachikwa ukutani kwa dola 1,295, bei iliyowashinda wengi. Mwaka 1967 Amana, iliyokuwa chini ya Raytheon, ilitoa ya kuweka juu ya meza kwa dola 495. Hiyo ndiyo iliyoufungua mlango.

Tuangalie maana yake. Kifaa kilichofaulu kilikuwa cha kuwekwa mezani, lakini jiko lililotamaniwa lilikuwa la vitu vilivyopachikwa. Viwanda vikapata njia ya kati: vikauza fremu peke yake. Mteja alinunua maikrowevu ya kawaida, akaiweka ndani ya tundu la kabati, kisha akazungushia fremu iliyoziba nafasi pande zote. Fremu hizo zilitengenezwa kwa upana unaolingana na oveni za ukutani, hasa inchi 27 na inchi 30 (sentimita 68.6 na 76.2), ili maikrowevu ndogo iliyo juu ionekane pacha wa oveni kubwa iliyo chini.

Kwa mtazamo wa kwanza hii ni taraza tupu, na tena ya udanganyifu. Lakini fremu nyingi kati ya hizo zina matundu au nafasi nyembamba juu au chini. Maikrowevu hutoa joto inapofanya kazi, na feni yake huhitaji hewa ya kuingia na kutoka. Ukiizungushia mbao bila nafasi, itapata joto kupita kiasi na maisha yake yatafupishwa. Fremu kwa hiyo inaficha pengo machoni huku ikiliacha wazi kwa hewa. Huu ni upindo wa hali ya juu.

Taraza halisi ilikuwapo pia, na sitaki kuificha. Mashine za kuoshea vyombo za miaka ya 1960 na 1970 nyingi zilikuwa na bamba la mbele lililoshikwa na kanda nyembamba za chuma. Ukifungua kanda hizo, uliweza kugeuza bamba ili rangi ya upande wa pili ionekane, au kuweka ubao unaofanana na makabati. Hizo zilikuwa enzi za rangi ya parachichi na rangi ya dhahabu ya mavuno. Rangi ilichuja katika mitindo kabla mashine haijachakaa, na ukanda ulimwezesha mwenye nyumba kufuata mitindo bila kununua mashine nyingine. Msomaji anayeamini kwamba ukanda ni suala la hadhi na mitindo ana ushahidi mzuri hapa.

Jibu langu ni kwamba hata hapa ukanda unaunganisha vipimo viwili, ila safari hii ni vipimo vya muda. Kabati huweza kuishi miaka 40. Kifaa cha umeme huishi miaka michache zaidi ya kumi kikitunzwa. Kikifa, kile kinachokuja baada yake hakina umbo lilelile, na tundu lililokatwa kwa ajili ya marehemu linabaki likimsubiri mgeni asiyelienea.

Ulaya: sentimita 60

Ulaya ilichukua njia nyingine. Nchini Sweden, taasisi ya utafiti wa kazi za nyumbani iliyoanzishwa mwaka 1944 ilipima kazi za jikoni, na matokeo yake yakasaidia kuweka vipimo vya kitaifa vya makabati. Hatimaye upana wa sentimita 60 ukawa kipimo cha pamoja cha makabati na vifaa katika nchi nyingi za Ulaya. Leo uhusiano wa vipimo hivyo umeelezwa katika kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 1116.

Hesabu yake inavutia. Kabati lina upana wa nje wa milimita 600. Likitengenezwa kwa mbao za unene wa milimita 18, kuta zake mbili huchukua milimita 36, na ndani hubaki 564. Tundu la oveni hutakiwa kuwa na upana wa milimita 560 hivi, na mwili wa oveni huwa mwembamba kidogo kuliko hapo. Lakini uso wa oveni, yaani mlango na sehemu ya vitufe, una upana wa takriban milimita 595. Ukitoa 560 kwenye 595 unabaki na 35, yaani milimita 17.5 kila upande. Hizo milimita 17.5 ndizo ule ukanda wetu. Haukufa. Umeyeyushwa ndani ya uso wa oveni, ukawa kazi ya kiwanda, na jina lake likapotea.

Kwa hiyo mtu anayesema kwamba majiko ya kisasa hayana ukanda wa urembo amesema kweli kwa macho tu.

Kampala: mbao za milimita 25

Kipimo cha sentimita 60 kimefika kwetu ndani ya maboksi. Oveni zinazouzwa Kampala huja na karatasi inayoonyesha tundu la milimita 560. Karatasi hiyo inachukulia kwamba kabati limetoka kiwandani. Hapa makabati mengi hutengenezwa na fundi seremala, kwa mkono, kwa ajili ya ukuta mmoja tu duniani, na ukuta huo pengine haujanyooka.

Wakati wa kuandaa insha hii nilizungumza na seremala mmoja wa makamo aliye na karakana Ndeeba. Alinieleza, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiganda, kwamba wateja wengine wanataka mbao halisi, kama mvule, si mbao za kubandwa. Mbao hizo huziranda hadi milimita 25 hivi. Nikapiga hesabu mbele yake: 600 ukitoa 50 ni 550. Oveni haiingii.

"Mzee, sasa unafanyaje?" nilimuuliza.

"Napanua kabati, mwanangu. Kisha tundu linabaki kubwa, nazungushia ubao mwembamba, nauchonga kidogo. Mteja anafurahi, anadhani nimemwongezea urembo."

Nilimuuliza kuhusu hewa. Akanionyesha fremu iliyokuwa mezani: upande wa juu alikuwa ameacha mwanya wa upana wa kidole. Alisema mafundi wengine huziba kote kwa sababu mteja anataka kazi "safi", na baada ya muda ubao hukauka na kupasuka, au kifaa huharibika na lawama humrudia fundi. Nilipouliza kama ubao huo huandikwa katika bei, alicheka. Bei ni ya kabati.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niione historia hii yote upya. Kiwanda cha Ulaya kinalipwa kwa zile milimita 17.5, kwa kuwa ziko ndani ya bei ya oveni. Kampuni ya Marekani ililipwa kwa fremu, kwa kuwa iliiuza peke yake ndani ya boksi lake. Seremala wa Kampala anafanya kazi ileile ya kuvipatanisha vipimo viwili ambavyo hakushiriki kuviamua, na kwa sababu tunaiita urembo, tunaiona kuwa zawadi. Jina tunaloipa kazi linaamua kama italipwa.

Mwenzangu mmoja wa darasani alinipinga akisema kwamba suluhisho ni rahisi: mafundi wote watumie mbao za milimita 18 na kipimo cha sentimita 60. Ana hoja. Kipimo cha pamoja hupunguza gharama na makosa, na Frankfurt inathibitisha hilo. Lakini Frankfurt inathibitisha pia kwamba kipimo cha pamoja huwa na mwenyewe. Kabla hatujamtaka fundi afuate karatasi iliyokuja na oveni, tunapaswa kukubali kwamba tunamtaka aendane na kuta, mbao na jikoni za watu wengine.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba ukanda unaozunguka kifaa kilichopachikwa una historia inayozidi mitindo. Katika karne ya 19 ulizuia moshi. Frankfurt mwaka 1926 haukuhitajika kwa sababu mamlaka moja ilimiliki vipimo vyote. Marekani ulirudi kama bidhaa ya kuuzwa peke yake, ukiziba pengo kati ya kampuni na kampuni, na kati ya kifaa kilichokufa na kilichorithi nafasi yake. Ulaya ulimezwa na uso wa oveni. Kampala uko mkononi mwa fundi.

Je, ni taraza au ni upindo? Ni vyote viwili, lakini mpangilio wake si wa bahati nasibu: upindo hutangulia, taraza hufuata. Somo la kimbinu kwetu wanafunzi wa historia ni kwamba tunapokutana na pambo katika nyumba, chombo au vazi, tusiulize tu linapendeza kwa nani. Tuulize pia linaficha kiungo gani, na ni nani aliyelipwa au hakulipwa kwa kukiunganisha. Historia ya majengo katika miji yetu imeandikwa zaidi kupitia wabunifu na wenye nyumba, ambao waliacha ramani na hati. Maseremala waliacha kanda hizi. Nyingi zitang'olewa oveni zitakapobadilishwa, kwa hiyo anayetaka kuzichunguza na asikawie.